Ukuta wa Jiko la Mama

Ukitaka kumjua dada yangu, mtazame anapoingia nyumba ya mtu. Haangalii viti wala pazia. Anaangalia kuta. Akishasalimia, macho yake yanashuka hadi kwenye kona ya chini, pale maji ya mvua yanapopenda kula udongo, na kabla hajakaribishwa kukaa ameshaweka kiganja ukutani kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Huu umekandikwa na mvivu," atasema. Au, mara chache sana, "Huu una mwenyewe."

Watu wanamwita Mama Udongo. Hakujaliwa mtoto, na jina hilo lilianza kama utani wa wanawake kwenye foleni ya maji. Siku hizi hata askari wa geti wanamwita hivyo, na ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi hageuki. Mimi namwita Dada. Yeye ananiita Mama Wasiwasi, kwa sababu nikisikia mlango wa jirani unagongwa naanza kuhesabu watoto wangu, ingawa wakubwa wameshaoa na kuolewa.

Tunakaa nje ya mawe meupe. Ndivyo tunavyojitaja hapa: watu wa nje ya mawe. Mawe hayo yamepakwa chokaa na kupangwa kukizunguka kilima chote. Ndani yake kuna msitu, chemchemi, na nyumba za udongo za kijiji cha zamani, na kijiji hicho ndicho kilichokuwa chetu. Serikali ilipoamua kwamba kilima ni urithi wa watu wote, sisi tuliokuwa tukikiita nyumbani tukahamishiwa huku chini kwenye tambarare. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama. Dada alikuwa binti anayeweza kubeba ndoo bila kuimwaga, na siku ya kuhama alishuka kilima amejitwika beseni lenye mafiga ya mama, mawe yake matatu ya kupikia. Hadi leo tunapikia juu ya mafiga hayo. Kule kilimani, ndani ya nyumba yake, watu wa Hifadhi, yaani wanaokitunza kilima kwa niaba ya serikali, waliweka mengine, na Dada anasema ni mazuri kuliko yetu, yanalingana kama meno ya kununua.

Nyumba nyingi za kilimani zilianguka. Zilizobaki zinatunzwa, na ya mama ni mojawapo, ile iliyo karibu na chemchemi.

Mama hakurudi kamwe. Hifadhi ilipoanza kuruhusu majirani kuingia, kwa kupita getini na kujieleza, wenzake walikwenda wakarudi na habari za miti waliyoipanda. Yeye alikataa.

"Siwezi kupiga hodi kwangu," alisema.

Hakulisema tena. Alikaa akitazama kilima mpaka macho yakaingia ukungu, na hata alipokuwa haoni, kiti chake kilielekea upande ule ule. Mtu akikigeuza ili afagie, mama alijua. Alipofariki, mimi nilirithi blanketi lake na kukataa kwake. Nikaona ni heshima. Nikatazama kilima kutoka uani kwangu, nikianika nguo, nikipepeta nafaka, na sikuwahi kuvuka mawe.

Dada hakuwa hivyo. Ilipoundwa kamati ya ujirani, yaani wazee wetu wachache na watu wa Hifadhi kukaa meza moja, walikubaliana mambo kadhaa. Tukaruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka zenyewe. Tukaruhusiwa kutundika mizinga pembezoni. Na wanawake wa familia za zamani wakapewa kazi ya kusiriba nyumba zile kila kiangazi, maana mvua hairuki mwaka. Dada alikuwa wa kwanza kwenye mstari.

"Unakwenda kuomba ruhusa ya kupaka nyumba ya mama yako?" nilimwambia.

"Wewe mama kakuachia kiburi," akajibu, "mimi kaniachia mikono."

Kazi yenyewe niliijua kwa harufu, kwa sababu alirudi nayo kwenye nguo. Udongo, samadi ya ng'ombe, nyasi zilizokatwakatwa, maji, kisha kukanyaga mpaka mchanganyiko uache kulia chini ya miguu. Lakini udongo hawaruhusiwi kuuchimba ndani. Huko hata jembe halipiti, maana ardhini kuna vigae vya vyungu vya watu waliotutangulia, na wataalamu wanataka vibaki vilipolala. Kwa hiyo wanawake wanachimba kwenye shimo la huku kwetu na kupandisha kwa ndoo. Udongo wa kilimani ni wa kijivu kama majivu ya jana. Wa huku ni mwekundu.

"Kila kiangazi nyumba inazidi kuwa nyekundu," Dada aliniambia mwaka mmoja, akijisugua kucha. "Inatufuata huku chini polepole."

Alivaa kitambulisho chake kwa kamba shingoni hata Jumapili. Nilimwuliza anafanya nini huko wakati wa mapumziko, wenzake wakilala kivulini.

"Nakula chakula changu mlangoni kwa mama. Wewe unakula wapi?"

Nilimwongezea tu chakula kwenye kopo lake asubuhi, na nikaangalia kama linarudi tupu.

Kiangazi kilichopita zikaja habari za wakaguzi. Hawa ni wageni wakubwa wanaopita kuangalia kama mahali kama hapa pamehifadhiwa vizuri. Mhifadhi wetu akawakusanya wanawake. Ni kijana mpole mwenye miwani, anampa shikamoo kila mwanamke, mpaka wengine wanachukia kuzeeshwa.

"Wageni wakija," akawaambia, "nataka wazikute nyumba kama zilivyokuwa mlipokuwa mnaishi humu."

Basi. Alisema hivyo tu, na wote wakaitikia.

Lazima nieleze kwamba siku zote walisiriba kuta za nje tu, kwa kuwa nje ndiko mvua inakopiga. Ndani hapakuwa na haja. Hakuna aliyewakataza kugusa ndani kwa sababu hakuna aliyewahi kugusa. Lakini nyumbani kwa mama, na hili nimelikuta mwenyewe huku tambarare, habari ya mgeni ikifika, kazi ya kwanza ilikuwa ukuta wa jikoni. Mama aliona haya mgeni akute masizi. Angeweza kumkaribisha mtu bila chakula cha maana, lakini si mbele ya ukuta mweusi. Alikanda udongo kidogo kwenye sufuria mbovu, akapiga mkono mara moja, haraka, na mgeni alipofika ukuta ulikuwa bado unanukia maji.

Kwa hiyo siku ya mwisho ya kazi, wenzake walipokuwa wanaosha ndoo, Dada aliingia ndani na udongo uliobaki. Alisiriba ukuta wa jikoni kutoka chini hadi mkono wake ulipofika. Akatoka ameridhika, akafunga mlango.

Asubuhi mhifadhi alipita nyumba moja moja kabla ya wageni. Wanawake walikuwa wamepangwa nje, safi, vitambulisho kifuani. Akafungua mlango wa nyumba ya mama, akakaa ndani muda mrefu kuliko nyumba nyingine. Alipotoka alikuwa ameshika miwani mkononi. Haya nimesimuliwa na wote waliokuwepo, na wote wanasimulia sawasawa.

"Nani kapaka ule ukuta wa ndani?"

"Mimi," Dada akasema. "Si ulisema wageni wanakuja?"

"Mama, yale masizi ndiyo wanayokuja kuyaona."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Masizi? Wangekuja kwangu, ningewafungia na ya kwenda nayo." Hata Dada alicheka.

Mhifadhi hakucheka, wala hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini, "Yalikuwa ya moto wa mama yako. Nyumba nyingine zote paa ziliwahi kuvuja, masizi yakaoshwa na mvua. Yalikuwa yamebaki hayo peke yake."

Hapo Dada akaacha kucheka.

Wageni walipita. Sijui walisema nini. Jioni mhifadhi alimwomba kitambulisho mpaka kamati ikae, na Dada akakivua mwenyewe, kamba ikanasa kwenye kilemba, wenzake wakamsaidia.

Siku zilizofuata alikandika jiko langu. Sikumwomba. Nilitoka kuchota maji nikarudi nikakuta ameshakanyaga udongo uani. Alisiriba ndani na nje, akalainisha kingo za dirisha, akatengeneza kirafu cha chumvi. Jiko langu halikuwahi kupendeza vile, na sikuwahi kuona huzuni ikifanya kazi safi namna hiyo. Nilikaa kizingitini nikichambua mboga, nikimtazama mgongo.

"Kula kidogo," nikamwambia.

"Nitakula."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Mama Wasiwasi, umeshawahesabu wanao leo?"

"Nimewahesabu. Nakuhesabu na wewe."

Akaendelea kulainisha. Kisha bila kugeuka akasema, "Nimemfuta mama."

"Masizi si mama, Dada."

"Wewe hukupaona." Akaweka kiganja ukutani, kwenye kimo cha bega la mtu aliyesimama. "Pale alipokuwa akipika, alipenda kuegemea. Bega hili. Kwenye masizi palikuwa pamepata kung'aa, kama kiti cha zamani kinavyong'aa. Miaka yote hii nilipokuwa nakula pale mlangoni, nikiinua macho napaona. Kila siku ya kazi napaona. Halafu nikapapaka kwa mkono wangu."

"Hukukumbuka?"

"Nilimkumbuka yeye. Nilikuwa namsikia kabisa: wageni wanakuja, ficha masizi. Nikatii."

Nilichambua mboga ile mpaka nikaanza kutupa majani mazuri.

Baadaye nikagundua kwamba kila asubuhi, saa ile wenzake wanapopanda, anatoka. Nilimfuata kwa mbali. Alikwenda hadi kwenye mawe meupe akasimama, vidole vya miguu vimegusa chokaa, na hakuvuka hata unyayo. Alisimama mpaka sauti za wanawake zikapotea kwenye miti. Kisha akarudi na kuniambia ametoka kutafuta nyasi za kuchanganyia udongo. Nikasema vizuri. Tangu mama afariki sikuwa nimemwona mtu anakitazama kilima vile, na nikaogopa. Mama angalau alijizuia mwenyewe. Huyu amezuiwa, na hana hata kiburi cha kukalia.

Ndiyo maana kamati ilipokaa, mimi nilikwenda. Usiku wake sikulala, na asubuhi nilivaa viatu nikavivua nikavivaa tena. Getini askari akaniuliza mimi nani.

"Mdogo wake Mama Udongo."

"Kumbe ana mdogo," akasema, akafungua.

Chumba cha mkutano kiko hapo hapo getini, chini ya kilima. Nilitembea nikiangalia ardhi. Sikutaka kuinua macho nikaona chochote nisichokuwa tayari kukiona. Ndani kulikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki, na picha kubwa ya jiko la mama ukutani, jeusi, na pale bega linapong'aa panaonekana ukijua pa kutazama. Nilikuwa simjui mama kwenye nyumba ile. Nikaketi mahali ambapo picha ilikuwa nyuma yangu.

Upande mmoja walikaa bosi wa Hifadhi aliyetoka makao makuu, mhifadhi wetu, na mwanamke mkarabati, yule anayetengeneza vitu vya kale vilivyoharibika. Upande wetu aliongoza mwenyekiti, ambaye ni mfuga nyuki na hana haraka na jambo lolote.

Mkarabati akaeleza kwamba amejaribu kona moja kwa sifongo na maji. Udongo mpya ukitoka, unatoka na masizi. "Tukiendelea tutabaki na ukuta mtupu. Bora uachwe ulivyo."

Bosi akasema anasikitika, lakini kila mtu akigusa anavyoona yeye ni vizuri, wajukuu hawatakuta kitu. Na alikuwa na haki. Nilimtazama usoni nikaona si mtu mbaya, ni mtu mwenye wasiwasi, na hao nawajua.

"Mama huyu apumzike," akasema. "Atafutwe mwingine."

Mwenyekiti akasema, "Kuna ndugu yake hapa. Tumsikilize."

Nikasimama. "Nyumbani kwetu mgeni akija, masizi yanafichwa," nikasema. "Mama yetu alikuwa hivyo. Dada aliambiwa wageni wanakuja, akafanya alivyofundishwa na mwenye jiko. Sina zaidi."

Mhifadhi akaangalia meza. "Mimi ndiye niliyewaambia nataka wageni wazikute nyumba kama zilivyokuwa walipoishi humo," akasema. "Alifanya hasa nilichosema."

Bosi akagonga kalamu mezani. Niliona kwamba nikikaa chini, jambo litaishia hapo, kwa upole, na Dada atabaki kwenye mawe. Nikasema nikiwa bado nimesimama, "Kazi mkitaka mpeni mwingine. Kitambulisho mrudishieni."

"Kitambulisho cha nini kama hafanyi kazi?" bosi akauliza, na kwa kweli alikuwa anauliza.

"Cha kuingia."

Mwenyekiti akakohoa. Mkarabati akaitazama ile picha nyuma yangu. Waliniomba nitoke nje kidogo, na nilipoitwa tena walikuwa wamekubaliana. Mama Udongo arudi kazini. Asiriba nje tu. Milango ya nyumba itafungwa kwa wafanyakazi, na ndani wataingia wageni tu, wakiwa na mwongoza wageni, nyuma ya kamba.

Nilimkuta Dada uani kwangu akipasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Nikamvisha kamba shingoni kabla sijasema neno. Akakishika kile kitambulisho, akageuza picha yake juu.

"Na ndani?" akauliza.

"Nje tu."

"Nje tu," akarudia. Akaweka shoka chini, akaenda kunawa mikono. Nilisikia maji, kisha nikamsikia akisema kule kule, bila uchungu mwingi, "Nje nimeshazoea."

Aliporudi alikula chakula chote.

Kuna siku moja ambayo Hifadhi huwafungulia majirani wote, na mwaka huu iliangukia wakati wa kusiriba. Nilikuwa siijali siku hiyo. Mwaka huu nilijikuta nimeoga mapema, na blanketi la mama nimelikunja vizuri zaidi ya kawaida, kama mtu anayeaga.

Nilipanda na wenzangu. Wao walikuwa wanaoneshana: hapa tulikuwa tunateleza, hapa fulani alianguka na mtungi. Mimi nilitafuta kitu ambacho mwili wangu ungekikumbuka. Nilisimama chemchemini nikanawa uso, nikasubiri. Maji yalikuwa baridi na matamu, na hayakunijua. Nilimwonea wivu yule mtoto wa mgongoni ambaye aliwahi kupita hapa mara nyingi amelala.

Nyumba ya mama ni ndogo. Kwa jinsi alivyoikalia kimya miaka yote ile, nilidhani ni kubwa. Nje ni nyekundu kabisa, rangi ya uani kwangu. Mwongoza wageni alikuwa anaongea na wengine pembeni. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nimesimama mbele yake, miguu haitaki kwenda wala kurudi. Niliangalia kizingiti, mahali Dada alipokuwa akila. Kimeliwa katikati.

"Hodi," nikasema.

Nilisema kwa sauti ndogo. Hakuna aliyejibu. Nikaingia.

Ndani palikuwa na giza la baridi. Kamba imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo, mafiga yale yanayolingana yako katikati, hayajawahi kuona moto. Nyuma yake ukuta mwekundu, na juu ya wekundu, pale mkono wa Dada ulipoishia, bado kuna ukanda mweusi chini ya paa. Sikunusa moshi. Nilijaribu sana.

Ndipo nikasikia kutoka upande wa pili: pa, kisha mvuto mrefu. Pa, kisha mvuto. Sauti hiyo nimelala nayo utotoni, ni mkono ukitupa udongo na kuulainisha. Alikuwa nyuma ya ukuta ule ule.

Mimi si mtu wa kuvunja amri. Hata jani la Hifadhi sijawahi kuchuma. Lakini kamba ile mwishoni inakaribia ukuta, nikanyoosha mkono juu yake, nikaweka kiganja pale nilipokisia, kimo cha bega la mama mzima aliyesimama.

Mkono wa nje ukasimama.

"Nani huko ndani?" Dada akauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mama Wasiwasi."

"Umeingiaje wewe?"

"Nimepiga hodi."

Nilisikia udongo ukidondoka kwenye ndoo yake. Kule mlangoni mwongoza wageni alikuwa anawaita watu wakusanyike.

"Nani kakukaribisha?" akauliza.

"Hakuna mtu."

Nikasikia kiganja chake kikitua ukutani, taratibu, bila kuvuta. Kilitua karibu na changu, chini kidogo, kwa sababu siku hizi ameinama.

"Basi karibu," akasema yeye aliyekuwa nje.

Upande wangu ukuta ulikuwa mkavu. Nilikaa pale mpaka nikaona baridi ya udongo wake inapenya, au niliitaka tu ipenye, na sikuutoa mkono mpaka walipokuja kuniita.